Picha za Wakubwa kwenye Bamba la Shaba: Yanayodhaniwa na Ukweli Wake

Dhana: Cheo kinaonekana kwenye taji, mkufu na nembo. Mistari ni ya kutia kivuli tu.

Ukweli: Mistari ndiyo inayotangaza mali. Mchongaji wa enzi za Baroko, yaani Ulaya ya karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, hakuwa na rangi. Alikuwa na bamba la shaba na burini, kichuma chenye ncha kali kinachosukumwa kwa kiganja. Mifereji aliyochonga ilijazwa wino, kisha bamba likagandamizwa kwenye karatasi. Akikandamiza, mfereji unapanuka na kubeba wino mwingi; akilegeza mkono, mstari unakonda hadi kupotea. Itazame picha ya Askofu Bossuet wa Ufaransa, aliyoichonga Pierre-Imbert Drevet mwaka 1723 kutokana na mchoro wa rangi wa mchoraji Rigaud. Hariri ni mistari mirefu inayofuata mikunjo, karatasi ikiachwa nyeupe panapong'aa. Manyoya ni vikwaruzo vifupifupi. Lesi utadhani unaweza kuihesabu matundu. Ni wino mweusi mtupu, lakini jicho linatambua kitambaa gani ni kipi, na linajua kwamba si cha kila mtu.

Dhana: Aliyevaa nguo nyeusi isiyo na pambo hakuwa mtu mkubwa.

Ukweli: Hapa wengi huteleza. Robert Nanteuil, mchongaji Mfaransa wa karne ya 17 aliyechonga picha zaidi ya 200, aliwachonga mahakimu wengi wa Ufaransa. Joho jeusi na ukosi mweupe ndivyo vilivyokuwa vazi la cheo chao. Halafu angalia alivyompanga mtu: kifua kimegeuka upande kidogo, macho yanakukabili, na fremu yenye umbo la yai imechorwa kama jiwe, jina na vyeo vikiizunguka. Chini pana kibao chenye nembo ya ukoo. Mtu bado yu hai, naye keshajengewa mnara!

Dhana: Mchongaji alikuwa fundi wa kunakili kazi za wachoraji.

Ukweli: Wapo waliofanya hivyo, na Drevet ni mmoja wao, ingawa kwangu mimi neno "kunakili" linampunja. Nanteuil mara nyingi alimchora mhusika mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya kugusa shaba. Mwaka 1660 amri ya Mfalme Louis XIV iliitambua kazi ya uchongaji kuwa sanaa huru, isiyofungwa na kanuni za vyama vya mafundi. Na miaka 11 kabla ya hapo, mchongaji mwingine Mfaransa, Claude Mellan, alikuwa ameshachonga uso wa Kristo kwa mstari mmoja tu, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kama konokono, ukinenepa kila unapofika penye kivuli.