Je, wajua kwa nini Mahakama Kuu ya Tanzania siyo ya juu kuliko zote?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kesi ikishafika Mahakama Kuu imefika mwisho. Jina lenyewe si linasema? Kumbe juu yake ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na huko ndiko safari inakoishia.

Linalotupoteza ni neno kuu. Tunalisikia kana kwamba juu yake hakuna kitu, ilhali Kiswahili hakilitumii hivyo. Mkuu wa Wilaya ni mkuu kweli, na bado yupo Mkuu wa Mkoa. Mwalimu mkuu ndiye mwenye neno la mwisho shuleni, lakini ofisa elimu akija, anatoa taarifa. Neno hilo linakuonyesha walio chini. Kuhusu walio juu, limenyamaza. Ndivyo ilivyo Mahakama Kuu: ni kuu kwa Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Hakimu Mkazi. Ilipoanzishwa Tanganyika mwaka 1920, wakati wa ukoloni, haikupewa neno la mwisho. Enzi hizo rufani zilipanda hadi mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, na nyingine zikafika London.

Vyeo navyo vinapishana na majina, na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Jaji Mkuu wa Tanzania haongozi Mahakama Kuu. Anaongoza Mahakama ya Rufani. Mahakama Kuu ina Jaji Kiongozi. Vuka bahari uone: Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na hiyo kweli inaongozwa na Jaji Mkuu, wa Zanzibar.

Mahakama ya Rufani tuliyonayo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mahakama ya pamoja kwenda nayo. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliongeza Mahakama ya Juu juu ya ile ya rufaa. Tanzania haikuongeza ngazi.

Sasa, majaji hao, kwa kawaida watatu, hufanya nini? Mfikirie msahihishaji wa pili wa mtihani. Hamwiti mwanafunzi aandike upya. Anachukua karatasi ileile na kuangalia kama aliyesahihisha kwanza alifuata mwongozo. Karatasi hiyo kwa majaji ni mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani. Mashahidi kwa kawaida hawaitwi tena, kwa hiyo kumbukumbu ikitiliwa shaka kila kitu kinayumba. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa kesi ya mauaji kwa sababu jaji aliyeisikiliza hakutia saini mwishoni mwa maelezo ya kila shahidi. Bila saini, nani atathibitisha kwamba hayo ndiyo yaliyosemwa?

Si kila shauri linafika huko. Lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kuwa lina hoja ya kisheria. Ya Mahakama za Kadhi za Zanzibar humalizikia Zanzibar. Mgogoro wa Katiba kati ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar una Mahakama Maalumu ya Katiba.

Ukishindwa Rufani, unabaki na siku 60 za kuiomba mahakama hiyohiyo iitazame upya hukumu yake, na kwa sababu chache tu, mfano kunyimwa nafasi ya kusikilizwa.