Roki ya watu waliokaa kitako: ninavyoisikia filamu ya Leto

Mimi ni fundi sauti, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha rekodi zilizomo kwenye tepu za zamani. Filamu ya Leto ya mwongozaji Mrusi Kirill Serebrennikov, inayosimulia wanamuziki wa roki wa Kisovieti Viktor Tsoi na Mike Naumenko, nimeirudia mara nyingi, na kila mara kinachonishika kwanza ni ule ukumbi wa mwanzo.

Wasichana wanapanda ngazi, wanapenya dirisha la choo. Ni Leningrad, jiji linaloitwa leo St. Petersburg, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jukwaani Mike Naumenko na bendi yake ya Zoopark wanapiga roki yenye nguvu. Watazamaji je? Wamekaa kitako wametulia, kama waliokuja kusikiliza hotuba. Msichana mmoja anainua karatasi yenye mchoro wa moyo, na papo hapo anaamriwa aishushe.

Wengi hudhani kwamba katika Umoja wa Kisovieti roki ilipigwa marufuku, basi. Mambo yalikuwa na hila zaidi. Klabu ya Roki ya Leningrad ilifunguliwa mwaka 1981, Mtaa wa Rubinstein namba 13, kwa ruhusa ya wakubwa na chini ya jicho la KGB, idara ya usalama wa dola. Afadhali vijana hao wakusanyike mahali panapoonekana. Kabla ya kupanda jukwaani, mashairi yako yalisomwa na kupitishwa kwanza.

Tepu ndiyo iliyowaponyoka wakubwa hao. Kampuni ya santuri ilikuwa moja, Melodiya ya serikali, na haikuwa na nafasi kwa bendi hizi. Lakini fundi mmoja, Andrei Tropillo, alikuwa akifundisha watoto kurekodi sauti katika jumba la vijana eneo la Okhta, na studio ya darasa hilo ikawa studio ya roki ya jiji zima. Hapo ndipo Kino, bendi ya Viktor Tsoi, iliporekodi albamu yake ya kwanza, 45, mwaka 1982. Wanamuziki wa Akvarium, bendi nyingine ya jiji hilo, waliwasaidia, na kwa kuwa hapakuwa na mpiga ngoma, walitumia mashine ya ngoma.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya wasikilizaji: mashine mbili za tepu, waya wa kuziunganisha, na subira. Wenyewe waliita magnitizdat, yaani kujichapishia kwa tepu. Kila nakala ilirithi mvumo wa ile iliyoitangulia kisha ikaongeza wake. Matoazi yalififia kwanza, pamoja na ukali wa herufi s. Mashine ya kunakilia ikizunguka polepole kuliko inavyopaswa, nakala ikija kupigwa kwenye mashine nzima hukimbia, na Tsoi anasikika kijana kuliko alivyokuwa. Watu waliompenda kwa mbali walimjua kwa sauti hizo zilizochakaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vipande vya kubuni vinaiharibu filamu hii. Abiria wa basi la umeme, wazee kwa vijana, wanaimba The Passenger ya Iggy Pop kwa sauti zisizofunzwa. Kisha anatokea mtu anayetuambia kwamba jambo hilo halikutokea. Boris Grebenshchikov wa Akvarium, aliyeuishi wakati huo, aliukosoa vikali mswada wa filamu, na ana haki yake. Mimi nasikia humo wimbo uliofika ukiwa umechakaa, ukaimbwa upya na asiyejua Kiingereza vizuri.

Serebrennikov alikamatwa Agosti 2017 upigaji picha ukiwa haujaisha, akaihariri filamu akiwa kifungoni nyumbani kwake. Ilipoonyeshwa Cannes mwaka 2018, yeye hakuruhusiwa kwenda.

Mwishoni, Tsoi akiwa jukwaani, miaka inaandikwa kwenye skrini: yeye 1962 hadi 1990, Mike 1955 hadi 1991. Nikishaizima, huwa naweka 45 na kuusikiliza mdundo ule wa mashine, mkavu, usiobadilika, na kijana wa miaka 20 akiimba juu yake.