Ozoni ya kiangazi pembezoni mwa Los Angeles: maswali na majibu

Ozoni si ndiyo inayotukinga na jua? Inatudhuru vipi tena?

Gesi ni ileile. Tatizo ni mahali ilipo. Iliyo juu sana angani huchuja mionzi mikali. Ya chini tunaivuta puani. Nayo haitoki kwenye bomba la gari ikiwa tayari: oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini hukutana na mivuke ya petroli, rangi na thina, kisha jua kali huzigeuza kuwa ozoni. Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech ndiye aliyelionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, akichunguza hewa ya Los Angeles yenyewe.

Kwa nini basi mji mdogo wa milimani upate nyingi kuliko katikati ya jiji?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mabadiliko hayo huchukua saa kadhaa, na wakati huo upepo wa baharini unaisukuma hewa kuelekea mashariki, hadi Riverside na San Bernardino, ambako milima huizuia. Crestline, mji ulio kwenye miteremko hiyo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, una misonobari na barabara tulivu, lakini kwa miaka mingi kituo chake kimekuwa miongoni mwa vinavyopima ozoni nyingi kuliko vyote Marekani.

Kuna sababu ya pili. Moshi mbichi wa injini una nitriki oksidi, ambayo huila ozoni iliyo karibu nayo. Kando ya barabara kuu kipimo kinaweza kuwa cha chini ingawa hewa ni chafu kwa mambo mengine. Ndiyo maana pia Jumamosi na Jumapili, malori ya dizeli yanapopungua, ozoni ya eneo hili mara nyingi imepanda badala ya kushuka.

Inapimwaje?

Mashine huvuta hewa ndani ya mrija na kuimulika kwa taa ya urujuanimno. Ozoni hunyonya mwanga huo. Mashine hulinganisha na hewa ileile iliyoondolewa ozoni, na mwanga uliopotea ndio unaotoa hesabu. Kazi hii huendelea usiku na mchana. Kikomo cha kitaifa cha Marekani tangu 2015 ni sehemu 70 za ozoni katika bilioni za hewa, kwa wastani wa saa 8.

Basi soma kipimo cha kituo kilicho karibu nawe. Cha katikati ya jiji hakikuhusu, na macho hayasaidii: ozoni haina rangi hewani, anga inaweza kuwa ya buluu kabisa.

Inafanya nini mwilini?

Huwasha na kuvimbisha njia za hewa. Utakohoa, kifua kitabana, na kuvuta pumzi ndefu kutauma. Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee, wenye pumu na wanaofanya kazi nje, kwa mfano mafundi ujenzi. Utafiti mkubwa wa watoto wa kusini mwa California, uliochapishwa 2002, ulikuta kwamba katika maeneo yenye ozoni nyingi, watoto waliocheza michezo mitatu au zaidi walipata pumu takriban mara tatu ya wasiocheza. Hilo linaniuma, maana mzazi anayempeleka mwanawe uwanjani anamtakia afya.

Nimzuie mtoto kucheza?

La, badilisha saa. Ozoni hupanda kuanzia mchana na milimani huweza kufika kilele jioni; asubuhi huwa nafuu. Kielezo cha hewa, yaani kipimo cha rangi kinachoonyesha ubora wa hewa, kikiwa cha rangi ya chungwa, mwenye pumu apunguze kukimbia na pampu yake iwe karibu. Kikiwa chekundu, mazoezi yahamie ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Barakoa inasaidia?

Barakoa za kawaida huzuia vumbi na chembe za moshi. Ozoni ni gesi, inapita. Mtoto akihema kwa shida hata baada ya dawa yake, mpeleke hospitali mara moja.