Kariakoo ni jina la kikosi cha jeshi

Kila siku maelfu ya watu wanashuka Kariakoo, wananunua, wanauza, wanapanda daladala wanarudi zao, na wengi hawajui kwamba jina hilo ni la kikosi cha jeshi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni neno lilelile, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na kote kuwili walikuwa na kambi. Nasoma habari za vita hii miaka mingi sasa na hakuna kikosi kinachoniuma kama hiki.

Tuanze na kwa nini walihitajika. Jeshi la Wajerumani, waliokuwa watawala wa Tanganyika, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck lilikuwa linarudi kusini huku linawavuta Waingereza mbali na reli, barabara za maana hakuna, na farasi au punda wakipita kwenye mbung'o wanakufa tu. Kikabaki kichwa cha binadamu. Sasa piga hesabu, mpagazi kabeba kama kilo 25 za unga na yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku, yaani akienda siku 12 na kurudi 12 mzigo wote kaumaliza yeye, askari aliyeko mbele hajapata kitu! Ndio maana jeshi lilivyozidi kusogea Rufiji likahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi wenzao, na mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, akapewa kazi ya kukusanya watu Kenya, machifu wakaambiwa watoe vijana, na anayekataa anakamatwa.

Wengi hawakufa kwa risasi. Chukua mtu aliyekulia kwenye ndizi au mtama, anapewa unga wa mahindi wa chengachenga, kafika kambini giza limeingia, mvua inanyesha, kuni zimelowa, ana njaa tangu asubuhi. Anakoroga kidogo anaula haujaiva. Kesho tumbo, keshokutwa damu, na mzigo unamsubiri palepale. Kuhara damu, malaria na nimonia ndio viliwamaliza, na hesabu za Waingereza wenyewe zinataja zaidi ya 40,000 waliokufa, wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Upande wa Wajerumani nao walibebesha watu hivyohivyo, tena wengi bila malipo.

Kuna sanamu ya askari Dar na nyingine Nairobi, za miaka ya 1920, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi angalau mpagazi kasimama pale pamoja na wapiganaji, Dar juu yupo askari peke yake.

Halafu kuna mishahara. Wengi waliokufa walikuwa wanadai, ila ndugu zao hawakupatikana kwa sababu majina yaliandikwa ovyo au hayakuandikwa kabisa, na Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa kikosi alihangaika na suala hilo baada ya vita lakini serikali ya Uingereza ikakataa kuzitoa zile hela. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama kwenu kuna mzee anayejua babu yake alichukuliwa "Kariakoo", muulize jina na kijiji, andika leo.