Kalsiamu ya mshipani potasiamu inapoufikia moyo

Mgonjwa wa figo aliyekosa kuchujwa damu kwa siku kadhaa huletwa kwetu chumba cha dharura akisema kwamba miguu imeisha nguvu, na mara nyingi kifua hakimuumi hata kidogo. Figo zisipofanya kazi potasiamu hujikusanya katika damu, lakini majibu ya maabara huchukua muda, kwa hiyo naanza na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Nikiona kwenye mchoro wake mawimbi ya T yamechongoka, ya P yamefifia na QRS, wimbi kuu la kila pigo, imetanuka, najua potasiamu imeufikia moyo, naagiza kalsiamu papo hapo.

Wengi hudhani kwamba kalsiamu hushusha potasiamu. Haiishushi. Potasiamu ikizidi katika damu, umeme wa utando wa seli za moyo huvurugika. Kalsiamu huutuliza utando huo ndani ya dakika 1 hadi 3, na kinga hiyo hudumu takriban dakika 30 hadi 60 tu. Ndani ya muda huo inabidi mgonjwa apewe insulini uniti 10 pamoja na glukosi gramu 25 ili potasiamu irudi ndani ya seli, avutishwe salbutamoli, dawa ya pumu ambayo nayo huisukuma potasiamu ndani ya seli, na mashine ya kuchuja damu iandaliwe.

Agizo la "ampulu moja", yaani kichupa kimoja cha dawa, linanitia hofu, kwa sababu kalsiamu huja kwa aina mbili: mililita 10 za kalsiamu kloridi ya asilimia 10 zina milimoli 6.8 za kalsiamu, ilhali ujazo huo huo wa kalsiamu glukoneti una 2.2 hivi, kwa hiyo anayetumia glukoneti anahitaji mililita 30. Hata hivyo naipendelea glukoneti kwenye kanula ya mkononi, maana kloridi ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Naisukuma taratibu kwa dakika 5 hadi 10, macho yakiwa kwenye monita, na mara nyingine QRS huanza kujibana kabla bomba halijaisha. Bikaboneti, dawa ya kupunguza asidi katika damu, isipite kwenye laini hiyo, kwani zikikutana huganda kuwa chembe nyeupe za chokaa.

Niliwahi kumpokea mama aliyepewa kalsiamu mahali pengine. ECG ikapendeza, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwa safari ya saa mbili bila insulini. Alifika QRS imetanuka upya, na barua ya rufaa haikutaja sindano ile ilichomwa saa ngapi. Tangu siku hiyo, ninapompa mgonjwa rufaa naiandika saa hiyo juu kabisa ya barua, na muuguzi anayemsindikiza hubeba dozi ya pili.