Je, wajua kwa nini Mekatilili alienda barazani na kuku?

Ukipita Malindi, pwani ya Kenya, utaikuta sanamu ya mama mmoja, na kila mwaka mwezi wa nane Wagiriama wanakusanyika kumkumbuka, akina mama wamevaa hando, zile sketi zao za asili, ngoma mpaka jua linazama. Huyo ni Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kumkatalia Mwingereza. Wengi tunalijua jina tu na ile stori ya kuku. Sasa mimi swali langu ni moja, kwa nini kuku? Si angebeba panga kama watu wengine?

Turudi 1913. Nchi ya Wagiriama, kuanzia nyuma ya Kilifi mpaka ng'ambo ya mto Sabaki, ilikuwa nchi ya wakulima, wanavuna wanakula na mengine wanauza. Mwingereza kaja na kodi ya nyumba, kaja na walowezi wa kulima pamba na mpira, lakini vibarua hapati, maana mtu ana chakula ghalani kwake, aache shamba lake akalime la mwenzake kwa virupia viwili vitatu ili iweje? Ndio akaletwa bwana shauri kijana, Arthur Champion, kazi yake ahesabu nyumba, akusanye kodi na atoe vijana wa kazi.

Mekatilili alikuwa mjane, mtu mzima. Kwao alikuwa binti peke yake kati ya kaka zake, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alibebwa na wafanyabiashara wa watumwa wasimwone tena. Kwa hiyo mtu akija kumwambia "tupeni vijana wenu tuondoke nao", yeye hiyo lugha alishaisikia zamani.

Alianza na kifudu, ngoma ya msiba. Anaicheza kijiji hadi kijiji, watu wanajaa nyuma yake, na nani atafukuza watu walio kwenye ngoma ya matanga? Wakishajaa ndio anasema nao.

Halafu ndio baraza lenyewe. Wanasimulia kwamba Champion alikuwa pale anadai vijana, Mekatilili akaja na kuku na vifaranga vyake, akaviweka chini, akamwambia haya, chukua kimoja. Mzungu wa watu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mama akamwambia basi na wewe ukigusa mtoto wetu utapata hivyo hivyo. Wanasema Champion kwa hasira akatoa bunduki akampiga kuku risasi, baraza likavunjika kila mtu mbio na njia yake.

Aliyefuga kuku wa kienyeji ameshanielewa. Kuku ni mwoga, ukisema "shh!" tu amepotea. Ila akiwa na vifaranga anavimba manyoya, anashusha mabawa, hata mbwa anakimbizwa. Nadhani ujumbe haukuwa wa Champion hata kidogo, ulikuwa wa wale waliokaa pale hawana bunduki na wanajiona wadogo.

Na nyuma ya kuku kulikuwa na kitu kizito zaidi, kiapo. Kule Kaya Fungo, ndani ya msitu mtakatifu, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi, kwamba hakuna kufanya kazi ya mzungu, kodi hakuna, na machifu wake hakuna kuwasikiliza. Hapo serikali ikaishiwa maneno, maana aliyekuja na mshale unampiga risasi, sasa aliyekaa tu kwake hajaja kazini unamfanyaje?

Wakamkamata Oktoba 1913 pamoja na mwenzake katika upinzani, mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mpaka Kisii, magharibi mwa Kenya. 1914 wakatoroka wakarudi Pwani kwa miguu, na hebu chukua ramani uangalie Kisii iko wapi na Malindi iko wapi, tena miaka hiyo na simba wa hiyo miaka!

Agosti 1914 vita vya Mwingereza na Mjerumani vikaanza na mwezi huo huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Askari wakawa wanaingia vijijini kusaka vijana, mmoja akambaka mwanamke, wanakijiji wakamuua. Basi askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, wale wazee wetu wakiwaita Keya, waliokuwa tayari kwa ajili ya Mjerumani, wakageuziwa Wagiriama wenye pinde. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakaswagwa, watu wakauawa, halafu juu yake faini ya rupia 100,000 na amri ya kuyaacha mashamba yao mazuri ya ng'ambo ya Sabaki. Tena bado wakatakiwa wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kile kikosi cha Carrier Corps kilichozaa jina la Kariakoo.

Na Mekatilili alikuwa wapi? Alishakamatwa tena mwezi huo huo. Kwa hiyo zile picha za kumchora yuko mbele ya jeshi na mkuki mimi sizikubali sana, zinampunguzia. Alichoacha ni watu waliokwisha kuzoea kusema hapana, na hao hawakulainika hata baada ya moto. Serikali yenyewe ndiyo iliyolegea mwishowe, watu wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki kulima.

Yeye aliachiwa 1919 akarudi kwao, akafariki katikati ya miaka ya 1920, kaburi lake liko Bungale, Magarini. Ila yule kuku wa watu, sijasikia kama kuna aliyemlipa.