Kujiuzulu ufalme ni nini? Kisa cha Edward wa Nane

Kujiuzulu ufalme ni pale mfalme au malkia, akiwa hai na bado yuko madarakani, anapoachia kiti cha enzi kwa hiari yake ili mrithi akikalie. Kwa kawaida utawala wa mfalme humalizwa na kifo. Hapa unamalizwa na sahihi. Maana ni fupi, ila hiyo "hiari" ina mambo mengi ndani yake, na sijaona kisa kinachoyaanika kama cha Edward wa Nane wa Uingereza, aliyeachia ufalme Desemba 1936 ili amuoe Wallis Simpson.

Mfalme aliyeng'olewa kwa nguvu hajajiuzulu. Sultani Jamshid bin Abdullah wa Zanzibar alipinduliwa Januari 1964, na hakuna aliyemwomba sahihi. Sayyid Ali bin Hamud ni habari nyingine: mwaka 1911, akiwa Ulaya, aliuachia usultani huohuo wa Zanzibar, ukaenda kwa Sayyid Khalifa bin Harub aliyeukalia hadi alipofariki mwaka 1960. Huyo alijiuzulu. Kuna na wa katikati, kama James wa Pili wa Uingereza, aliyekimbilia Ufaransa mwaka 1688, Bunge likaamua kwamba kukimbia kwake ni sawa na kujiuzulu. Mwenyewe hakukubali mpaka anaingia kaburini. Uholanzi wamelifanya jambo hili kuwa desturi: Wilhelmina alimwachia bintiye mwaka 1948, Juliana akamwachia wake mwaka 1980, Beatrix akamwachia mwanawe mwaka 2013. Uingereza haijawa hivyo.

Filamu za kumbukumbu zinazomhusu Edward hufuata njia moja. Utamwona kijana mtanashati, mama wa Kimarekani mwembamba, kisha sauti redioni ikisema imeshindwa kubeba mzigo wa ufalme bila msaada wa mwanamke anayempenda. Watazamaji wanafuta machozi. Simulizi ni tamu na si ya uongo, lakini inaruka haraka mno siku chache za Desemba ambazo ndizo zinazoonyesha kujiuzulu ufalme kunafanyikaje.

Edward alirithi kiti tarehe 20 Januari 1936, baba yake, George wa Tano, alipofariki. Alikuwa na miaka 41 na hajaoa. Wallis, aliyekulia Baltimore, alikuwa ameachana na mume wa kwanza mwaka 1927 na alikuwa bado mke wa Ernest Simpson. Tarehe 27 Oktoba 1936 mahakama ya Ipswich ilimpa talaka ya awali, ambayo ingekamilika baada ya miezi sita. Magazeti ya Marekani yaliandika kila kitu. Ya Uingereza yalikaa kimya kwa makubaliano ya wenye magazeti, na kimya hicho kilivunjika tarehe 3 Desemba tu. Mwingereza wa kawaida, kwa hiyo, alisikia kuhusu mapenzi ya mfalme wake na kumpoteza mfalme huyo ndani ya wiki moja na siku kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapakuwa na sheria ya kumzuia Edward kumuoa Wallis. Sheria ya urithi wa ufalme ilimfungia nje aliyeoa Mkatoliki. Haikusema neno kuhusu Mmarekani wala mwanamke aliyeachika. Sheria ya ndoa za kifalme ya mwaka 1772 iliwataka jamaa wa mfalme wapate idhini ya mfalme, na mfalme ndiye yeye. Kwa maandishi, njia ilikuwa nyeupe.

Kilichomkwamisha kilikuwa kwingine. Mfalme wa Uingereza ndiye gavana mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kanisa hilo wakati ule halikufungisha ndoa ya aliyeachika ikiwa mwenzi wa zamani bado yu hai. Wallis alikuwa nao wawili. Tena, kwa desturi ya katiba, mfalme hufuata ushauri wa mawaziri wake katika mambo ya dola, na ndoa ya mfalme, inayomzalia nchi malkia na warithi, ilihesabiwa kuwa jambo la dola. Waziri Mkuu Stanley Baldwin alikuwa wazi: mfalme akioa kinyume cha ushauri, serikali inajiuzulu. Hapo ungefuata uchaguzi ambao hoja yake kuu ni mke wa mfalme, na mfalme mwenyewe angekuwa ameshuka uwanjani kama mgombea. Edward alijaribu njia ya pembeni, ndoa ambayo mke hapewi umalkia na watoto hawarithi. Hiyo ingehitaji sheria mpya, baraza la mawaziri likakataa. Nchi za himaya zilizokuwa zikijitawala, Kanada, Australia na Afrika Kusini zikiwemo, ziliulizwa pia, na jibu halikumsaidia.

Ndiyo maana nasita kila nikisikia kwamba aliuacha ufalme kwa mapenzi, nukta. Alichagua, naam. Lakini orodha ya mambo ya kuchagua iliandaliwa na watu wengine.

Tarehe 10 Desemba, nyumbani kwake Fort Belvedere karibu na Windsor, alitia sahihi hati ya kujiuzulu mbele ya wadogo zake watatu, nao wakatia zao kama mashahidi. Hati yenyewe ni fupi, inaingia ukurasa mmoja. Anasema ameamua, bila kurudi nyuma, kuachia kiti cha enzi yeye mwenyewe na vizazi vyake. Soma tena hiyo "vizazi vyake". Mtu anaweza kuachia haki yake, lakini anaachiaje haki ya mtoto ambaye hajazaliwa? Kwa sahihi yake peke yake hawezi. Kiti cha enzi cha Uingereza kimepangiwa mrithi na sheria ya Bunge, na ni sheria ya Bunge inayoweza kuuvunja mpango huo. Hati ya Edward ilikuwa ombi zaidi kuliko uamuzi.

Kesho yake Bunge lilipitisha sheria iliyomwondoa, ikamfuta yeye na uzao wake kwenye safu ya urithi, na kusema kwamba sheria ile ya mwaka 1772 haitamhusu tena. Ili muswada uwe sheria ulihitaji idhini ya mfalme. Mfalme ni nani? Edward. Kazi yake ya mwisho ikawa kuidhinisha sheria ya kujiondoa, na ilipoidhinishwa mchana ule, saa nane kasoro, mdogo wake Albert akawa mfalme papo hapo kwa jina la George wa Sita. Hotuba ya redio, ile ya machozi, aliitoa usiku akiwa si mfalme tena. Alitambulishwa hewani kama mwanamfalme Edward.

Kwa kuwa himaya ilikuwa na mabunge kadhaa, tarehe hazikulingana. Afrika Kusini baadaye iliandika katika sheria yake kwamba Edward alikoma kuwa mfalme tarehe 10, Uingereza inahesabu tarehe 11, na Ireland ilipitisha yake tarehe 12. Kwa hesabu za wanasheria, kuna siku ambayo mfalme wa Cape Town hakuwa mfalme wa Dublin.

Yaliyobaki yalikuwa kugawana vitu na kubadili majina. Sandringham na Balmoral zilikuwa mali binafsi, hazikuhama pamoja na taji, kwa hiyo George wa Sita ilimbidi azinunue kwa kaka yake. Siku iliyokuwa imepangwa kwa kumtawaza Edward, tarehe 12 Mei 1937, haikubadilishwa. Akatawazwa mdogo mtu. Hata huku kwetu kuna ushahidi: senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu, zina jina EDWARDVS VIII. Tundu lilisaidia, maana sarafu hizo hazikuhitaji sura ya mfalme, ilitosha taji na jina. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia kwenye mzunguko. Mama wa mboga wa Dar es Salaam au Kisumu aliweza kuwa na jina la mfalme huyo kwenye pindo la kanga, Mlondoni hakuweza.

Edward na Wallis walioana Ufaransa tarehe 3 Juni 1937. Yeye alipewa cheo cha Duke wa Windsor. Mkewe alinyimwa heshima ya kuitwa kwa cheo cha kifalme, na hilo lilimkera Edward hadi kifo chake mwaka 1972. Watoto hawakupata.

Mwafrika mmoja aliyabeba hayohayo kwa uzito mwingine. Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Bangwato katika Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, alimuoa Ruth Williams, karani wa London, mwaka 1948. Watu wake baada ya mabishano walimkubali na mkewe. Waliomkataa walikuwa watawala wa Uingereza, waliogopa kuudhi Afrika Kusini ya ubaguzi, wakamzuia kurudi kwao. Mwaka 1956 aliruhusiwa kurejea baada ya kuukana uchifu, na mwaka 1966 akawa rais wa kwanza wa Botswana. Hiari ya namna hiyo uite utakavyo.

Kanisa la Uingereza lililegeza msimamo wake kuhusu ndoa za walioachika mwaka 2002. Charles, aliyeachana na Diana, alimuoa Camilla, naye ameachika, mwaka 2005, kwa ndoa ya kiserikali huko Windsor, na kanisa likawaombea baadaye siku hiyohiyo. Tarehe 6 Mei 2023 Camilla alivikwa taji la umalkia Westminster Abbey, na mume wake wa kwanza alikuwa miongoni mwa waalikwa.